Pigo Moja kwenye Jaruba la Kobe

Jirani yetu Mzee Kadota Eisaku alikuwa anakata nyasi kwenye uwanja wa gofu ambao zamani ulikuwa shamba lake. Nikimwambia hivyo mtu wa mjini hucheka, anadhani natia chumvi. Lakini hapa kijijini kwetu Kurotani wako wengi wa namna hiyo. Kampuni ilipokuja kununua kilima nilikuwa bado mdogo, darasa la tatu, na nakumbuka wanaume waliouza majaruba yao ya mpunga ndio waliopewa mashine za kukatia nyasi, na wake zao wakapewa kofia nyeupe na kazi ya kuwabebea wageni mifuko ya fimbo. Mkewe, Mama Yasushi, alibeba mifuko hiyo mpaka goti likakataa.

Majaruba ya kina Kadota yalikuwa yanashuka kilima kama ngazi, na kila moja lilikuwa na jina. Kulikuwa na Jaruba la Jiwe, na Jaruba la Bibi Harusi, na Jaruba la Mdomo wa Maji. La chini kabisa, lililopakana na bwawa, liliitwa Jaruba la Kobe, maana kobe walikuwa wakitoka majini kuota jua juu ya tuta lake. Matingatinga yalipokuja, kichwa cha kilima kilinyolewa kikamwagwa bondeni, na bwawa likachimbwa upya mahali pengine, penye sura nzuri zaidi. Siku moja nilimuuliza Mzee Kadota kama anapokata nyasi huwa anajua yuko juu ya jaruba lipi.

"Sijui," alisema. "Nafikiri Jaruba la Kobe liko chini ya maegesho ya magari. Au chini ya bafu la wageni."

Alisema hivyo kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka miwani yake.

Mgeni wa pale uwanjani akipiga mpira mara moja tu ukaingia shimoni moja kwa moja, hiyo ndiyo bahati kubwa kuliko zote, na mwenye bahati hana budi kuilipia. Anaandaa karamu, anagawa taulo zenye jina lake, na mti unapandwa kando ya uwanja kwa heshima yake. Mashimo ya kupandia miti hiyo alikuwa anayachimba Mzee Kadota. Yeye mwenyewe hakuwahi kupiga mpira hata mmoja. Wafanyakazi hawaruhusiwi.

Ana mtoto mmoja tu, Yasushi. Yasushi alikuwa anasoma shule ya kilimo, akitarajia kurudi kulima, na aliporudi likizo akakuta baba yake ameshapiga muhuri kwenye karatasi za kampuni. Mama yangu anasema hakukusikika kelele yoyote kule kwao. Yasushi alivua buti zake za shambani, akaziosha, akaziweka mlangoni, kisha akaenda Nagoya kufanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Buti bado ziko pale pale.

Alirudi mara moja, wakati wa Mwaka Mpya, akiwa na mashine ya michezo ya televisheni, ile nyeupe na nyekundu ambayo shuleni kwetu kila mtu alikuwa anaililia. Alicheza likizo nzima ili asilazimike kuongea na baba yake. Alipoondoka aliiacha, na ndani yake kaseti moja tu. Kaseti ya gofu. Nilijiuliza sana kwa nini mtu anayeuchukia uwanja wa gofu kiasi kile anunue kaseti ya gofu.

Ilikaa kabatini mpaka msimu wa mvua wa mwaka jana. Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga kweli kweli na wakata nyasi walikuwa wamerudishwa nyumbani. Mzee Kadota alikuja kwetu akiwa na mwavuli.

"Chisato, wewe si ndiye mwenye akili za mashine? Njoo unisaidie na nyaya."

"Mjomba unataka kucheza?"

"Nataka kuona. Siku zote mimi naona nyasi tu, mpira siuoni ukienda."

Nikamuunganishia. Gofu ile ni nyepesi kuielewa. Unauona uwanja kutoka juu, kama ndege anavyouona, vipande vya kijani na miti na maji ya buluu, na pembeni mwanamume mdogo mwenye masharubu ameshika fimbo. Unachagua fimbo na upande wa kupigia. Halafu unabonyeza mara tatu: ya kwanza anainua fimbo, ya pili unapima nguvu, ya tatu anaugusa mpira. Ukichelewa kidogo tu ile ya tatu, mpira unakwenda majini. Mimi nilikuwa na haraka, nikawa naenda majini kila mara. Mzee Kadota alikaa juu ya magoti yake, mgongo umenyooka, kofia ameiweka kando, akasubiri.

"Mjomba, bonyeza basi."

"Upepo umegeuka."

"Upepo huo ni mshale tu wa kuchorwa. Haugeuki mpaka upige."

"Upepo ni upepo," alisema. Akabonyeza, na mpira ukatua karibu na bendera.

"Anacheza kama yuko mbele ya mtawa," Mama Yasushi aliniambia, akimenya figili. "Hata mimi siku ya posa hakunikalia hivyo."

Kuanzia hapo nilikuwa napitia kwao baada ya shule, ingawa ni mwaka wa mtihani na mama alikuwa ananung'unika. Siku moja nikamsikia Mzee Kadota akisema peke yake, "Sasa Jaruba la Jiwe." Nikadhani anaongea juu ya zamani. Kumbe anaongea juu ya skrini. Kila shimo alikuwa amelipa jina la jaruba lake. Lenye mchanga mwingi lilikuwa la Jiwe. Lile jembamba lenye miti pande zote lilikuwa la Bibi Harusi. Na lile fupi, lenye maji kushoto na ukingo uliopinda, lilikuwa Jaruba la Kobe.

"Tazama linavyokaa," aliniambia. "Maji huku, tuta linakata hivi. Aliyelichora hajawahi kufika hapa, lakini amelipatia."

Niliangalia sana. Kwangu ilikuwa miraba ya kijani na miraba ya buluu. Lakini sikusema kitu, kwa sababu kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya kioo taratibu, kikifuata ukingo wa tuta.

Mwezi wa kumi na moja, Jumapili, nikasikia ananiita kutoka dirishani kwake. Nilipoingia nilimkuta amesimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akicheza, mikono ameiweka mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

"Usikanyage waya," alisema.

Kwenye skrini mpira haukuwepo. Bendera ilikuwa juu ya Jaruba la Kobe, na pembeni, penye idadi ya mapigo, palikuwa na moja. Alikuwa amebonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, kila kitu kimetulia, hata yule mwenye masharubu.

"Mjomba, umeingiza kwa pigo moja."

"Hakuna aliyeona."

"Mashine imeona."

"Mashine si mtu." Akakohoa. "Kule juu, pigo bila shahidi halihesabiwi. Wewe umekuja limeshaisha. Mama Yasushi alikuwa kisimani." Halafu akasema kile ambacho nadhani alikuwa amekitafutia sababu kwa miaka. "Nitampigia Yasushi. Mtu akipata pigo moja lazima awaite watu wake. Ndiyo desturi, siyo?"

Mama Yasushi alianza kuloweka maharage mekundu kwa ajili ya wali wa sherehe. Alikuwa anaimba. Mzee Kadota akaenda kwenye simu ya ukumbini, akavaa kofia, akaivua, akapiga bweni la kiwanda. Nilikuwa nimekaa palepale, nikisikia upande wake tu.

"Yasushi? Ni mimi… Mama yako mzima, ni goti tu… Sikiliza. Nimepata pigo moja… Gofu, ndiyo… Nimetia kwenye Jaruba la Kobe."

 Alikishikilia kile kipokeo sikioni muda mrefu hata baada ya mlio kubadilika, kisha akakirudisha kwa mikono miwili.

"Amesema nini?" Mama Yasushi aliuliza kutoka jikoni.

"Amesema niwasalimie kobe."

Nilielewa. Yasushi hakujua kwamba majina yalikuwa yamehamia kwenye televisheni. Atajuaje? Yeye alisikia kwamba baba yake amenunua fimbo na viatu vya misumari, amepanda kilimani kupiga mipira pamoja na walionunua, juu ya jaruba lao wenyewe, na sasa anampigia kujisifu.

"Mpigie tena," Mama Yasushi alisema. "Mwambie ni ya televisheni."

"Mimi sikatiwi simu mara mbili na mwanangu."

"Baba Yasushi, acha ukaidi."

"Aje aone mwenyewe. Akiona ataelewa. Isizimwe tu."

Maana mashine ile haina kumbukumbu. Ukiizima imesahau kila kitu, inaanza upya na wimbo wake kama vile hujawahi kucheza. Basi ikaachwa inawaka.

Wali mwekundu ulikuwa umeshaiva, ikabidi ugawiwe. Nilimsaidia Mama Yasushi kuubeba. Kwa Mama Okubo, ambaye ndiye mwenyekiti wa akina mama wa mtaa wetu, tulipokewa kwa vicheko.

"Yasushi anaoa. Nilijua tu."

"Hapana. Baba yake ametia mpira shimoni."

"Mpira gani?"

"Wa televisheni."

Mama Okubo aliutazama ule wali kama kwamba nao huenda ni wa televisheni. Halafu akasema hongera, kwa sababu wali umeshapokelewa.

Wanaume hawakuwa na huruma. Mzee Okubo, ambaye naye anakata nyasi, kila akipita dirishani alikuwa na la kusema.

"Kadota, wenye pigo moja wanatoa taulo. Yangu iko wapi?"

"Subiri mwanangu aje."

"Basi acha nijipanguse kwa shati. Na mti je? Utaupanda wapi, ndani ya televisheni?"

Mzee Kadota alikuwa anacheka nao. Akirudi ndani alikuwa anaweka kiganja juu ya mashine kupima joto, na ikiwa moto sana anaipepea kwa kipepeo cha majani. Walikuwa na televisheni moja tu, kwa hiyo hawakutazama tena chochote, habari wala tamthilia. Mama Yasushi aliifunika kwa kitambaa cha kufungia mizigo, si kwa urembo, bali kwa kuwa mwanga ulikuwa unamuumiza macho. Hata hivyo ulipenya. Nikiingia jioni nilikuwa nakuta wamekaa kwenye meza fupi yenye hita chini yake, miguu ndani ya blanketi, wanakula, na upande mmoja wa nyuso zao ni wa kijani.

Mama Yasushi alimpigia Yasushi kwa siri, kwenye simu ya dukani, akamweleza. Yasushi akamwambia, "Mama, usimtungie hadithi." Hiyo ndiyo sababu nasema hapakuwa na njia nyingine. Maneno yalikuwa yameshaisha kati yao. Kilichobaki ni kile kioo.

Mwezi wa kumi na mbili radi zilikuja, zile za baridi zinazotangulia theluji. Taa zilififia na kurudi kijiji kizima. Nilimkuta Mzee Kadota ameishika plagi ukutani kwa mikono yote miwili, kana kwamba umeme ni mnyama anayeweza kukimbia.

"Mjomba, ni hatari."

"Najua," alisema, lakini hakuiachia.

Umeme haukukatika. Mwaka Mpya ulifika, viwanda vya Nagoya vikafungwa, mabasi yakawa yanashusha watoto wa watu wenye mifuko ya zawadi. Kila basi lilipopiga honi kule chini, Mzee Kadota alikuwa anatoka kufagia mlangoni, mpaka pakawa hapana tena cha kufagia. Yasushi hakuja. Mama Yasushi alitoa bakuli la tatu la supu ya mwaka mpya kabatini, akalifuta, akalirudisha.

"Amepewa zamu," Mzee Kadota alinieleza, ingawa sikuwa nimeuliza.

Mwishoni mwa Januari baridi ilikuwa kali. Asubuhi za namna hiyo wakata nyasi huenda mapema kuondoa mashuka yanayotandikwa juu ya nyasi za kando ya mashimo ili barafu isiziue. Mzee Kadota aliondoa shuka moja, akapiga magoti, hakuinuka. Mmoja wa wale akina mama wa kofia nyeupe alimwona kwa mbali akadhani anapima mteremko. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshaondoka.

Sijui alianguka juu ya jaruba lipi. Hakuna anayejua.

Kwetu mtu akifa, nyumba inakuwa ya mtaa. Wafiwa hawaruhusiwi kuosha hata kikombe. Akina mama huingia jikoni na aproni zao, wanaume wanafungua milango ya kati ili vyumba viwe kimoja, na kila kitu kinasogezwa. Mimi nilikuwa nabeba mito ya kukalia kutoka ukumbi wa kijiji. Mama Okubo alikuwa anaweka taa za karatasi pande mbili za jeneza, anatafuta mahali pa kuchomekea, akauona ule mwanga chini ya kitambaa.

"Nani ameacha televisheni inawaka kwenye nyumba ya msiba?" alisema. "Watu watatuonaje."

Akavuta plagi. Ilikuwa imeisha kabla sijatua mito. Mlio mdogo, tk, kama wa kucha. Mama Yasushi alikuwa ameketi karibu na kichwa cha mumewe, amevaa nyeusi. Aliusikia. Alifumba macho tu, na alipoyafumbua alimshukuru Mama Okubo kwa taa.

Yasushi alifika kesho yake asubuhi, amevaa suti ya kuazima iliyombana mabega. Alipita kando ya buti zake mlangoni bila kuzitazama. Akawasha udi, akainama mbele ya baba yake, akainama muda mrefu mpaka mtawa aliyekuja kuomba dua za mazishi akageuza uso. Hakulia. Baadaye watu walipotoka kunywa chai, tulibaki wachache, nami nilikuwa nakusanya vikombe.

"Kulikuwa na kitu alichokuwa anakuwekea," mama yake alimwambia. "Tangu mwezi wa kumi na moja. Jana kimezimwa. Si kosa la mtu."

"Kitu gani?"

Mama Yasushi akaivuta televisheni kutoka pembeni ilikosukumwa, akaondoa kitambaa. Kioo kilikuwa cheusi. Nilijisikia vibaya kwa ajili yake, kwa sababu alikuwa ananyoosha mkono kuonyesha na hapakuwa na cha kuonyesha. Halafu mtu akafungua mlango wa nje, na jua la asubuhi, lile la baridi linalopita chini chini, likaingia na kulala juu ya kioo.

Ndipo tukaliona. Ndani ya ule weusi kulikuwa na umbo la kahawia, hafifu, kama doa la chai kwenye kitambaa. Ukingo uliopinda. Bwawa. Kijiti cha bendera. Na pembeni, moja. Mwalimu wetu wa sayansi alinieleza baadaye kwamba picha ikikaa mahali pamoja muda mrefu sana, inaunguza unga uliopakwa nyuma ya kioo, na doa hilo halitoki tena. Siku ile sikujua hayo. Niliona tu kwamba kioo kimekataa kusahau.

Yasushi alipiga magoti akasogeza uso.

"Hiki ni nini?"

Nikajibu mimi kwa niaba ya mama yake.

"Ni Jaruba la Kobe, kaka. Ndivyo alivyokuwa analiita. Yale mengine pia aliyapa majina, la Jiwe, la Bibi Harusi. Kule uwanjani hakuwahi kucheza."

Aliweka kidole kwenye kioo. Kilipita palepale kilipopita cha baba yake, kikifuata tuta.

"Bwawa liko kushoto," alisema.

"Ndiyo."

"Mama aliniambia ni televisheni. Nikasema anatunga."  Halafu akasema bila kugeuka, "Unajua kwa nini niliinunua kaseti hii? Nilitaka kila akija kuniita kula aione. Nilitaka imuume."

 Jikoni Mama Okubo alikuwa anauliza nani amechukua birika kubwa.

Mama Yasushi alishika waya, akaitafuta soketi kwa macho. "Niiwashe?" aliuliza. "Labda ukicheza…"

"Usiwashe, mama," Yasushi alisema. "Ukiwasha haitaonekana."

Alirudi Nagoya baada ya mazishi. Alipokuwa anavaa viatu alizisogeza zile buti kidogo, zikawa sambamba, akaziacha. Mama Yasushi siku hizi anakuja kwetu kutazama tamthilia, ananiletea figili, ananiuliza kuhusu mtihani. Televisheni yake iko palepale, haina kitambaa. Asubuhi nikipita kwenda shule namwona kupitia dirishani amekaa mbele yake na chai, akisubiri jua lifike. Linakaa kidogo tu. Likishapanda juu ya kilima cha gofu, kioo kinakuwa cheusi tena, naye anainuka anaosha kikombe.